Dogo wa kokoto: kilo 25, damu 8.6, na swali ambalo hakuna aliyemuuliza

Nianze na vipimo maana ndo vilivyotuamsha. Mtoto wa kiume, miaka 12 imepita kidogo, kwenye rejista ya shule yupo darasa la tano ila darasani haonekani, anaishi pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande ule wenye vilima vya mawe. Uzito kilo 25. Urefu sentimita 133. Wingi wa damu 8.6 (gramu kwa desilita). Kwa wasiozoea hizi namba, mtoto wa umri huo damu inatakiwa ianzie 12 kwenda juu, urefu wa katikati kwa wavulana wa miaka 12 ni kama sentimita 149 na akishuka chini ya 135 tunasema amedumaa, halafu ukichukua uzito wake ukalinganisha na urefu unapata BMI ya 14.1 wakati mstari wa chini kwa umri wake ni 14.5. Yaani amedumaa, amekonda na hana damu, vyote kwa mtoto mmoja na kwa wakati mmoja.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, napita nyumba kwa nyumba, na kisa hiki nakiandika kwa sababu kinafanana na vingine vingi ninavyoviona ila hiki nilikifuatilia mpaka nikaelewa kinavyofanya kazi. Jina simtaji, mtaa sitaji, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha asije akatambulika. Nitamuita dogo tu.

Kabla ya hiyo siku ya vipimo dogo alishapelekwa zahanati mara tatu ndani ya miezi kama mitano hivi. Mara ya kwanza kichwa kinauma na mwili hauna nguvu, akapimwa malaria, hamna, akapewa panadol akarudi. Mara ya pili kikohozi, akapewa dawa za vidonge akarudi. Mara ya tatu kidole cha mkono wa kushoto kimevimba kinatoa usaha, kikasafishwa, akafungwa bandeji, akarudi. Kila mara alihudumiwa na sidhani kama waliomhudumia walikuwa wabaya, foleni ni ndefu na mhudumu yuko peke yake. Ila ukiangalia hizo safari zote tatu hamna hata moja ambapo mtu alimuuliza mama, mtoto anashinda wapi na anafanya nini. Wangeuliza hilo swali moja tu, kichwa na kikohozi na kidole vyote vingepata jibu moja siku hiyo hiyo, kwamba dogo anagonga kokoto.

Sasa wasioijua hii kazi niielezee kidogo. Mwamba mkubwa kwanza unachomwa, wanapanga kuni na matairi chakavu juu yake wanawasha moto, mwamba ukishika joto unapasuka, vijana wenye nguvu wanabomoa kwa mitalimbo na nyundo kubwa. Vipande vinavyotoka ndo vinawaendea kina mama na watoto, wanakaa chini wamenyoosha miguu, mmoja mmoja na lundo lake. Dogo alinionyesha anavyofanya. Mkono wa kushoto ameshika kijipete cha mpira kilichokatwa kwenye tairi, anakizungushia jiwe ili lisirukeruke na nyundo isimpate vidole, mkono wa kulia nyundo, anagonga mpaka jiwe linakuwa saizi ya nusu inchi au robo tatu kutegemea mwenye gari kaagiza ipi. Ule mpira ukiisha unateleza, na ndo siku kidole kilipopondeka. Vumbi linakuja usoni moja kwa moja, hamna miwani hamna barakoa, macho yake yote mawili yalikuwa mekundu na anayafikicha kwa mkono ule ule. Karibu yake wanachoma tairi, moshi mweusi unawapitia wote wakiwemo watoto wachanga waliolazwa kwenye kanga chini ya turubai.

Ndoo moja ya lita 20 wanalipwa shilingi 500. Mtoto wa saizi yake akianza asubuhi mpaka jua linazama anajaza ndoo tatu, siku akijitahidi sana nne. Kwa hiyo ni 1,500 mpaka 2,000 kwa siku, na sio kila siku gari inakuja kuchukua, lundo linaweza kukaa wiki.

Dogo hakuanza kwa kuacha shule, na hapa naomba msome taratibu maana hii njia ndo inawapitisha watoto wengi. Familia ilikuwa inaishi kijijini huko Hombolo, wanalima mtama na uwele na karanga kidogo, mvua ikawa mbaya, baba akaondoka kwenda machimbo ya dhahabu Geita na hela ikawa inakuja mwanzoni baadaye ikakata. Mama akahamia mjini na watoto wanne pamoja na bibi yao. Mjini anafua nguo za watu, siku asipopata za kufua anagonga kokoto. Shule elimu bila ada ipo tangu 2016, hilo ni kweli, ila chakula cha mchana wazazi wanachangia wenyewe, na kwenye shule ya dogo ilikuwa ni debe la mahindi, maharage kidogo na hela ya mpishi. Mama hakuwa nayo. Dogo akaona wenzake wanapanga foleni ya makande yeye anakaa chini ya mti, akamwambia mama, mimi Jumamosi nitaenda na wewe kwenye kokoto nilipie mchango wangu.

Mnaona hapo. Mtoto kaanza kazi ili ale shuleni. Jumamosi ikazaa Jumapili, maana hela ya Jumamosi ilinunua unga wa nyumbani na sio debe. Halafu ikawa Ijumaa mchana anatoroka. Halafu Jumatatu anaamka mikono imevimba hawezi kushika kalamu, anabaki. Mwalimu akamchapa kwa utoro, akaona aibu, akaacha kwenda. Nusu mwaka tu hapo na ule mchango wa chakula bado haujalipwa.

Nilimuuliza dogo anakula nini kutwa nzima, sio kwa kumhoji kama askari, nilikaa naye pale pale kwenye lundo. "Shikamoo anti," halafu kimya, halafu akaanza kusema. Asubuhi chai ya rangi na kiporo cha ugali kama kimebaki, kama hakijabaki chai peke yake yenye sukari nyingi. Mchana mara nyingi hamna, akiwa na mia tatu ananunua barafu au biskuti au wanachangia na wenzake kichupa cha energy. Usiku ugali na mlenda, siku nyingine dagaa kidogo. Yai hakumbuki lini. Nyama sikukuu. Maziwa walikuwa wanakunywa kijijini, mjini hamna. Halafu akasema kitu ambacho bibi yake alikuja kunithibitishia, usiku anakula kidogo makusudi ili wadogo zake washibe, maana yeye ndo mkubwa. Miaka 12.

Ukijaribu kuhesabu, hicho chakula chote kwa siku hakifiki hata kalori 1,500. Mvulana wa miaka 12 mwenye mwili wa kawaida na shughuli za kawaida za kwenda shule na kucheza anahitaji kama 2,500, na akifanya kazi nzito hiyo hesabu inapanda kama asilimia 15 nyingine. Dogo ni mdogo wa umbo kwa hiyo mahitaji yake yako chini kidogo ya hapo, ila hata ukimpunguzia bado pengo ni kubwa mno. Na pengo lazima lizibwe na kitu, mwili hauwezi kugonga jiwe kutwa nzima kwa nguvu za bure. Unakula mafuta yake kwanza, mafuta yakiisha unakula misuli, na urefu unasimamishwa kwa sababu kurefuka ni kitu ambacho mwili unaweza kukiahirisha ila kupumua hauwezi. Mama anaona mtoto kaleta 2,000 nyumbani, na kweli kaleta, ila ile 2,000 imetoka kwenye mapaja na mikono ya mtoto. Hiyo ndo hesabu ambayo hakuna anayeiona kwa sababu haiandikwi popote.

Niseme ukweli kwenye suala la kudumaa, maana kuna watu wakisikia kisa kama hiki wanabebesha kokoto kila kitu. Sentimita 133 hazijaletwa na mwaka mmoja wa kugonga mawe. Udumavu unaanzia tumboni mwa mama na kwenye ile miaka miwili ya kwanza, zile siku 1,000 tunazozihubiri kliniki kila siku, na Tanzania kwa utafiti wa 2022 watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30, kwa hiyo dogo inawezekana kabisa alifika kwenye kokoto tayari akiwa mfupi. Kinachoniuma ni kwamba umri wa kuanzia miaka 11, 12 mpaka 15 kwa mvulana ni nafasi ya pili, mwili unaruka, anaweza kufidia sehemu ya alichopoteza kama anakula vizuri. Na ni umri huo huo ndo tunaoona ameshakuwa mkubwa wa kutosha kushika nyundo. Kukonda na kukosa damu ndo vya kokoto zaidi, na bahati nzuri ndo vinavyoweza kurudi haraka.

Damu sasa. 8.6 haijatokana na sababu moja. Chakula hakina madini ya chuma ya kutosha, hilo la kwanza, na kile kidogo kilichopo kwenye mlenda na uwele anakishushia na chai ya rangi, ambayo inazuia chuma kisiingie mwilini. La pili nililipata kwa kuuliza tu, nikamuuliza akikojoa mkojo ukoje, akaangalia pembeni, akasema mwishoni unakuwa mwekundu, alidhani ni jua. Kumbe ni kichocho. Alikuwa anaogelea bwawani Hombolo tangu mdogo kama watoto wote wa pale, na bwawa la Hombolo kichocho kinajulikana miaka mingi. Kupimwa mkojo mayai yakaonekana. Damu inatoka kila siku kidogo kidogo na yeye anagonga mawe.

Na hapa kuna jambo ambalo naomba walimu na wenzangu wa afya tulitafakari kwa makini. Dawa za minyoo na kichocho zinagawiwa shuleni, bure. Siku ya kugawa dogo hakuwepo, alikuwa kwenye mawe. Mtoto anayefanya kazi anakosa makande ya shule, anakosa dawa za minyoo, anakosa dawa za kichocho, anakosa mwalimu wa kumwona kwamba kapauka, na akiwa msichana anakosa hata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kama timu imepita darasani. Huduma zetu nyingi za afya kwa watoto waliovuka miaka mitano tumezipitishia mlango wa shule, kwa hiyo anayetoka shule anakuwa ametoka na kwenye afya pia. Chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo, akishavuka hapo na hamna bima, kila kipimo ni hela. Siku tuliyompeleka kituo cha afya, kadi, vipimo vya damu, mkojo, makohozi na baadhi ya dawa, nikijumlisha na bodaboda, ilikula hela sawa na kokoto za wiki tatu. Mama alilia pale dirishani. Sio kwamba hampendi mtoto, alikuwa hajawahi kuiona hesabu imewekwa pamoja.

Kikohozi kilitutisha kwa sababu alikuwa anakohoa zaidi ya wiki mbili na amekonda, kwa hiyo makohozi yalipimwa TB. Majibu yakaja hana. Nilishukuru Mungu ila sikutulia, kwa sababu haya mawe yetu ya granaiti vumbi lake lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu miaka na miaka inaleta ugonjwa ambao hauna dawa na unaifungulia TB mlango. Kwa kawaida unakuja kuonekana baada ya miaka mingi. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka 11, hiyo miaka mingi itamkuta bado kijana kabisa, ana watoto wadogo.

Kuna mengine nayapitia haraka. Mgongo unamuuma kwa kukaa ameinama na kwa kubeba ndoo ya mawe kupeleka kwenye lundo kubwa. Maji wanashea kidumu kimoja cha lita tano kwa watu wengi, na jua la Dodoma kuanzia Septemba mnalijua, kichwa kuuma lazima. Usingizi analala vizuri sana kwa uchovu, ila anaamka saa kumi na moja.

Shuleni mwalimu wake alikuwa anamuona mvivu. Nilienda kumuona, ni mwalimu mzuri tu ana watoto wengi darasani, nikamwambia mwalimu, mtoto mwenye damu 8 akili yake inachoka kabla ya mwili, hata ukimpa hesabu nyepesi anaisahau katikati, sio kiburi. Akanyamaza kidogo akasema, "Dada, mimi nilijua utoro tu." Nilimuelewa kabisa, maana rejista ina alama ya hayupo, haina sehemu ya kwa nini.

Kisheria hamna mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi ambayo haimuumizi afya wala haimtoi shule, na inakataza kabisa kazi za usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi hatarishi, machimbo yakiwemo, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na haijalishi kama eneo ni rasmi au sio rasmi, na faini inaweza kufika milioni 5 au kifungo cha mwaka mmoja. Nchi pia imeridhia mikataba ya kimataifa ya kazi namba 138 na 182. Na tatizo sio dogo, utafiti wa taifa wa 2014 ulikuta watoto kama milioni 4.2 wa miaka 5 mpaka 17 kwenye utumikishwaji, wengi wao kwenye kilimo.

Ila sheria ilipoletwa mezani mtaani kwetu, cha kwanza mwenyekiti alichosema ni mama akamatwe. Nilipinga hilo na bado nalipinga. Mama akikamatwa leo, watoto wanne wanabaki na bibi ambaye magoti hayamruhusu hata kuchota maji, na kesho dogo anagonga kokoto mara mbili zaidi, sehemu ya mbali ambayo mimi sitafika. Nikauliza mbona hamna anayemtaja mwenye gari. Kokoto hazijinunui. Dodoma tangu serikali ilipoamua kuhamia 2016 na mji ukawa jiji 2018 ujenzi haujalala, kila upande nyumba zinaota, na kila nyumba inataka kokoto, na kuna dalali anayekuja na tipa anawakuta watoto wamekaa kwenye malundo, anahesabu ndoo, analipa, anaondoka. Huyo anaona kwa macho yake. Kwangu mimi yeye ndo wa kwanza kuulizwa.

Na sio kwamba mtoto asifanye kazi yoyote, tusielewane vibaya. Ugogoni mtoto anachunga mbuzi baada ya shule, anasaidia kuvuna karanga, anaosha vyombo, anachota maji, amelelewa hivyo na ni malezi mazuri. Kipimo changu ni rahisi, kazi ikimnyima chakula, usingizi au shule, au ikimpeleka hospitali, hiyo imeshatoka kwenye malezi.

Tulichofanya ni hiki. Dawa ya kichocho alipewa baada ya kula uji, dawa za kuongeza damu akaanza, kidole kikapona ingawa ukucha umeota vibaya. Nikamwambia mama wazi kwamba mama, hizi dawa za damu ukimpa huku bado anagonga mawe na njaa ni hela umeitupa, akasema nimekusikia dada, sasa tutakula nini? Swali la haki kabisa hilo, na usipokuwa na jibu lake usiende kwa mtu kumfundisha lishe.

Jibu tulilitafuta kwa vipande. Afisa ustawi wa jamii wa kata alikuja, akaandika, akaongea na mkuu wa shule, shule ikakubali dogo aanze kula mara moja na debe lilipwe polepole. Kina mama wa kikundi cha VICOBA mtaani, kile cha kuweka na kukopa, walichanga mahindi, hawakutaka hata kutajwa. Suala la mpango wa TASAF, ile ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, tulilifuatilia tukakwama, kaya yao iliandikishwa kijijini na wao wapo mjini, mpaka leo wanazungushwa. Kikundi kikamkopesha mama mtaji mdogo wa sufuria na unga, akaanza kupika uji na maharage pale pale kwenye kokoto anawauzia wagongaji, na kinachobaki kinaenda nyumbani. Hicho kitu kilibadilisha zaidi kuliko maneno yangu yote, maana mama akaacha kuihitaji ile 2,000 ya dogo kila siku.

Kwenye chakula sikumwambia anunue kitu asichokiweza. Karanga zipo, asage aweke kwenye mlenda na kwenye uji wa uwele. Kunde na choroko badala ya mlenda mtupu siku tatu nne kwa wiki. Dagaa hata wa mia tano, wasagwe ili mdogo wa mwisho naye apate. Ubuyu upo tele Dodoma na una vitamini C inayosaidia chuma kuingia, unga wake uwekwe uji ukishapoa kidogo na sio ukiwa unachemka. Chai isogezwe, inywewe katikati ya mlo na mlo. Bibi hilo la chai alilikataa kwanza, "Mjukuu wangu, ugali bila chai asubuhi unashukaje?" tukakubaliana asubuhi uji, chai saa nne.

Baada ya miezi mitatu kilo zilikuwa 27.5, urefu 134, damu 11.2. Mkojo safi. Darasani anahudhuria, sio siku zote ila nyingi, na mwalimu anasema anauliza maswali. Damu bado haijafika 12 na urefu bado upo chini ya mstari, kwa hiyo hajapona, ameanza kupona.

Yaliyokwama nayo niyaseme. Dalali aliitwa kwa mtendaji wa kata, akaahidi hatanunua tena kwa watoto, na sasa hivi ananunua kwa mama zao kokoto ambazo watoto ndo waliogonga, ndoo zile zile. Mvua zikinyesha wagongaji wanapungua, biashara ya uji inalala, na wiki hizo dogo nimemkuta Jumamosi na nyundo. Sikumfokea. Nilimuuliza amekula nini, akanijibu, nikaongea na mama yake pembeni. Na mdogo wake wa kike, ana miaka 9, kwa sababu mama sasa anapika ameanza kwenda naye kushika mtoto mchanga, akikaa pale anaokota vipande anavijaza kwenye kopo. Kopo linaenda kwenye ndoo ya mtu, na yule mtu anampa mia. Kwa macho ya pale anacheza tu, ila dogo naye alianza na Jumamosi moja.

Kwa hiyo faili halijafungwa. Kituo cha afya nimewaomba kwenye kila mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anayekuja na uchovu, kikohozi au kidonda kisichoeleweka, waulize anashinda wapi na waandike jibu kwenye daftari, na daktari mmoja ameanza kufanya hivyo, mpaka sasa ameshanipigia kuhusu watoto wengine wawili, mmoja anachunga ng'ombe wa watu upande wa Bahi na anakuja mjini kutibiwa, mwingine anauza karanga stendi mpaka usiku wa manane. Ukiona mtoto kwenye hali kama hiyo, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, inapokelewa, nimeshaitumia. Na wewe unayejenga, mwambie anayekuletea kokoto akupeleke zinapogongwa ukaone nani amekaa kwenye lundo, kabla hujamlipa. Kipimo kinachofuata cha dogo ni Septemba, na mama amekubali siku hiyo tumpime na yule wa miaka 9.